Rangi Haiponyi Mti Uliooza

Somo la kutunza mbao za ndani ya chombo cha zamani



Leo tutajifunza habari za mbao za ndani ya chombo. Tukisema chombo, tuna maana ya mashua, jahazi au dau. Mbao za nje kila mtu anaziona. Chombo kikipandishwa pwani, hata mtoto atasema, "Baba, pale pana ufa." Lakini mbao za ndani nani anazitazama? Ziko gizani. Zimefunikwa na nyavu, magunia na maji ya ngama. Na huko ndiko ugonjwa unakoanzia.

Wewe usiye na chombo, usifunge gazeti. Mlango wako ni mti. Sanduku la bibi ni mti. Mambo mengi ya somo hili yatakufaa nyumbani.

MASHUA ILIYOPENDEZA MACHO

Kikundi kimoja cha kisomo, katika kijiji cha pwani upande wa kusini, kilinunua mashua ya zamani. Wanachama walikuwa 14, wanawake 6 na wanaume 8. Walichanga fedha kwa miaka miwili. Nia yao ilikuwa kubeba nazi na chumvi wakati wa kaskazi, wapate kipato.

Walipokwenda kuitazama mashua ile, ndani ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Inang'aa kweli kweli. Wakasema, "Ah, hii bado mpya!" Wakalipa.

Sisi tulifika kijijini siku ile kukagua madarasa ya watu wazima. Tukawakuta pwani na makopo 6 ya rangi nyingine. Walitaka kupaka rangi juu ya rangi, kisha waishushe mashua kwa bamvua lijalo. Na sisi, tuseme kweli, tuliisifu. Tulisomea ualimu, hatukusomea vyombo.

Kivulini alikuwa amekaa fundi mmoja mzee. Tukamwamkia, akaitika. Akainuka taratibu, akaingia ndani ya mashua. Akanusa. Akagonga gonga kwa mpini wa kisu. Halafu akakichoma kisu katika taruma moja, kule nyuma. Kisu kikazama mpaka mpini, kama kimechoma papai lililoiva.

Watu wote kimya. Mwenyekiti akasema, "Mzee wetu, mbona unatuharibia chombo?"

Fundi akajibu, "Siharibu, mwanangu. Kimekwisha haribika. Mimi nimekifunua tu."

Basi siku ile mwalimu alikuwa fundi, na sisi tukawa wanafunzi. Haya ndiyo tuliyojifunza, pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye.

1. ZIJUE SEHEMU ZA NDANI

Mkuku ni mti mrefu wa chini kabisa. Ni uti wa mgongo wa chombo.

Mataruma ni mbavu. Zinatoka kwenye mkuku na kupanda juu, kulia na kushoto. Mbao za nje zimepigiliwa misumari kwenye mataruma.

Darumeti ni mihimili ya ndani inayobeba sitaha.

Feuli ni stoo ndogo ya nyuma, ya kuwekea vitu.

Ngama ni maji machafu yanayokusanyika chini, ndani ya chombo.

Taruma likioza, msumari hauna pa kushika. Ubao wa nje utaachia. Ukiachia pwani, ni hasara. Ukiachia katikati ya bahari, ni msiba.

2. KWA NINI MTI UNAOZA?

Uozo si uchafu tu. Uozo ni kazi ya kuvu, na kuvu ni kitu chenye uhai, ndugu yake uyoga. Kuvu inataka vitu vinne: chakula, maji, hewa na joto. Chakula chake ni mti wenyewe. Joto la pwani lipo mwaka mzima, na hewa ipo. Kwa hiyo kitu kimoja tu tunachoweza kuinyima ni maji.

Chukua mfano huu. Kama ubao ukiwa mkavu kabisa una uzito wa kilo 100, na ndani yake mna maji chini ya kilo 20, uozo hauwezi kukua. Maji yakizidi sana hapo, uozo unaanza.

Je, ni maji gani mabaya zaidi, ya bahari au ya mvua? Wengi wetu tulijibu, ya bahari. Kumbe tulikosea! Chumvi inaizuia kuvu. Zamani, wajenzi wa meli za mbao huko Marekani walimwaga chumvi katikati ya mbavu za meli ili zisioze. Maji ya mvua ndiyo adui. Yanapenya kwenye sitaha iliyopasuka, yanashuka polepole, yanakaa kwenye kona isiyo na upepo. Juu unaona rangi nzuri, chini kuvu inakula.

3. KAGUA, NA ANDIKA

Hapa ndipo elimu yetu ya kusoma na kuandika inapofanya kazi.

Ondoa vitu vyote ndani ya chombo. Chukua kisu chembamba, nyundo ndogo, tochi na daftari. Anza mbele, omoni, ukienda nyuma. Kila taruma lipe namba. Kwa kila moja fanya mambo manne:

Kwanza, nusa. Mti mzima unanuka mti. Uliooza unanuka kama udongo wenye majani mabichi yaliyovunda.

Pili, gonga. Mti mzima unalia "ko, ko". Uliooza unalia "bu, bu", kama ngoma iliyolowa.

Tatu, choma kwa kisu. Mti mzima unakizuia kisu. Uliooza unakimeza. Ukibandua kipande kidogo, kinavunjika vunjika kama biskuti, au kinachanika nyuzi nyeupe zilizolegea.

Nne, tazama misumari. Doa jeusi kuzunguka msumari ni dalili ya kutu na unyevu.

Mtunza fedha wa kikundi kile ni mama mmoja aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Ndiye aliyeshika daftari. Aliandika KULIA upande mmoja na KUSHOTO upande wa pili. Mataruma yalikuwa 36, yaani 18 kila upande. Palipo pazima aliandika Z. Palipooza aliandika B, yaani bovu.

Alipomaliza, mabovu yalikuwa 5. Kushoto, namba 15, 16 na 17. Kulia, namba 16 na 17.

Akatazama daftari, akasema, "Jamani, mbona ugonjwa wote uko mahali pamoja?"

Hilo ndilo swali! Mahali pale ni chini ya feuli. Wote wakatazama juu. Wakaona ubao wa sitaha umepasuka, na ufa umezibwa kwa rangi. Majirani wa muuzaji walikuja kusema kuwa mashua ile iliachwa pwani masika mawili bila kufunikwa. Mvua iliingia pale, ikakosa pa kutokea.

Bila daftari, wangebadilisha mataruma 5 na kuuacha ufa. Baada ya miaka michache, mengine 5. Kuandika kuliwaonyesha chanzo.

4. UTAMBUE MTI WAKO

Kabla ya kutengeneza, jua chombo kimejengwa kwa mti gani. Usitazame rangi ya juu. Jua, moshi na uchafu hufanya miti yote ifanane. Kwangua kidogo mahali pa siri mpaka uone mti mpya. Tazama rangi yake, shika uone uzito, nusa. Miti utakayokutana nayo mara nyingi ni hii:

MVULE. Ukikwanguliwa ni wa manjano. Ukikaa hewani unakuwa kahawia. Mara nyingine ndani mna chembe ngumu kama jiwe, zinazoharibu meno ya msumeno. Ni mti wa kudumu. Vumbi lake linawasha, hivyo funika pua.

MSAJI, yaani MTIKI. Ni kahawia ya dhahabu. Ukiupapasa una mafuta mafuta, na harufu yake ni kama ya ngozi iliyotengenezwa. Zamani mbao zake zilitoka India na Burma. Sasa unapandwa hata kwetu, kama vile Longuza wilayani Muheza, na Mtibwa mkoani Morogoro. Unavumilia sana maji.

MKONGO. Wenzetu wa pwani ya Kenya huuita mbambakofi. Ni mwekundu wa kahawia, mgumu na mzito. Hausinyai sana wala kutanuka sana.

MNINGA. Ni kahawia yenye mistari, na una harufu nzuri. Unarandika vizuri. Unafaa kwa masanduku, milango na viti vya ndani.

MLILANA. Ni mmoja wa mikoko. Mafundi huupenda kwa mataruma, kwa sababu matawi yake yamepinda yenyewe. Kumbuka, mikoko haikatwi bila kibali cha misitu.

MWEMBE. Ni mweupe wa kijivu. Unapatikana kwa urahisi, na vyombo vingi hujengwa nao. Lakini unaoza upesi na wadudu wanaupenda. Ukikuta mwembe, kagua mara mbili.

MPAINI. Ni mweupe wa manjano, mwepesi, na unanuka utomvu. Usipotiwa dawa haudumu mahali penye unyevu.

Angalia jambo moja. Mti wowote una moyo, na una sehemu nyeupe chini ya gome. Moyo wa mvule unadumu, lakini sehemu yake nyeupe inaoza kama mti mwingine wowote. Kwa hiyo usidanganywe na jina. Muuzaji akisema, "Hii ni mvule tupu," mwambie, "Sawa ndugu yangu, nionyeshe moyo."

Faida ya kujua mti ni nini? Ukitia kiraka, mti mpya na wa zamani lazima vifanane. Miti isiyofanana hutanuka na kusinyaa mbalimbali, na kiraka kitaachia.

5. TENGENEZA KWANZA

Ziba chanzo cha maji. Katika mashua ile, ubao wa sitaha ulibadilishwa kwanza.

Kata uozo wote. Usiache hata kidogo kwa kuonea huruma mti. Kata mpaka ufikie mti mzima, kisha zidisha kidogo. Tia mti mpya uliokauka. Tumia misumari iliyopakwa zinki, maana msumari mtupu wa chuma unashika kutu upesi.

Halafu acha njia ya hewa. Feuli iliyofungwa kabisa ni nyumba ya kuvu. Fundi alitoboa matundu kwenye mlango wa feuli ili upepo upite.

6. SAFISHA, KAUSHA, NG'ARISHA

Sasa ndipo tunafika kwenye urembo. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Suuza mbao kwa maji baridi ya kisima, ondoa chumvi. Utauliza, "Si mmesema maji yasiyo na chumvi ni adui?" Ndiyo, yakikaa. Haya tunasuuza mara moja, halafu tunakausha. Chumvi ikibaki inavuta unyevu, na vanishi haitashika.

Hatua ya 2. Kausha. Fungua kila mlango, upepo upite. Usifanye kazi hii wakati wa masika. Januari na Februari ni miezi mizuri katika sehemu nyingi za pwani yetu.

Hatua ya 3. Ondoa rangi ya zamani. HATARI! Rangi za zamani nyingi zina risasi. Vumbi lake ni sumu, na linaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa hiyo usiichome rangi kwa moto. Usiikwangue kavu. Ilowanishe kidogo, uikwangue ikiwa mbichi, kisha uache ubao ukauke tena. Funika pua na mdomo. Tandika turubai chini, kusanya mabaki yote, yafunge, na usiyatupe pwani wala karibu na kisima. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Fua nguo za kazi peke yake.

Hatua ya 4. Piga msasa. Zamani wazee walisugua mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Karatasi hii imerithi jina hilo. Nyuma yake pana namba. Namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni msasa laini. Anza na 80, fuata 120, malizia na 180. Sugua kufuata nyuzi za mti. Ukikata nyuzi, mikwaruzo itaonekana mpaka mwisho.

Hatua ya 5. Pangusa vumbi lote. Kama mti ni msaji, upanguse pia kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kwa sababu mafuta yake huikataa vanishi.

Hatua ya 6. Paka. Unaweza kuchagua vitu vitatu.

Mafuta ya kitani huingia ndani ya mti. Pakaza, ngoja kama dakika 20, kisha pangusa yaliyobaki juu. Ni rahisi kurudia kila mwaka. Lakini angalia sana! Kitambaa chenye mafuta haya kikikunjwa na kuachwa, kinapata joto chenyewe na kuwaka moto. Hakuna aliyewasha kiberiti, na chombo kinaungua. Kitandaze nje mpaka kikauke, au kitie ndani ya ndoo ya maji.

Vanishi inaonyesha uzuri wa mti. Nunua ile ya vyombo vya baharini. Soma maandishi ya kopo. Mpako wa kwanza uwe mwepesi, kwa mfano vikombe 3 vya vanishi kwa kikombe 1 cha tapentaini. Kila mpako ukauke, usugue kidogo kwa msasa laini, upanguse, upake tena. Kwa ndani mipako 3 au 4 inatosha. Ncha za mbao zipake mara nyingi zaidi, maana maji huingilia huko.

Rangi inalinda, lakini inaficha. Inafaa kwa mahali unapoweza kupaona kila siku. Chini ya feuli, na pale mataruma yanapokutana na mkuku, fundi alikataa rangi nzito. Alisema, "Mahali pa hatari paache wazi, macho yaone."

Mafuta ya papa, yaani sifa, yamepakwa vyombo vya pwani tangu zamani. Yaache nje. Ndani ya feuli harufu yake haiondoki upesi.

MWISHO WA HABARI

Hatutasema kila mtu alifurahi. Kazi ilichukua wiki 7. Msimu mzuri wa kaskazi ukawapita, na nazi zikabebwa na wengine. Wanachama wawili walijitoa, wakadai fedha zao. Mwenye duka alikubali kuchukua makopo 4 ya rangi ambayo hayajafunguliwa, na fedha hizo zikanunua vanishi na misumari. Muuzaji wa mashua alisema, "Mlitazama wenyewe, mkaridhika wenyewe." Hawakuwa na la kumjibu, maana hawakuandikiana lolote.

Mashua sasa inasafiri. Daftari la mtunza fedha linakaa ndani ya kopo lenye kifuniko, juu katika feuli, mahali pakavu. Kila mwezi mtu mmoja anaingia na tochi na kisu, anasoma namba, anachoma, anaandika Z au B. Tulipopita mara ya mwisho, tulifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Kushoto namba 14, jirani wa yale yaliyooza, iliandikwa Z, na pembeni yake alama ya kuuliza. Mama yule alituambia, "Hiyo naivizia."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maji ya mvua ni hatari kwa mbao kuliko maji ya bahari?
2. Mataruma mabovu yalikuwa namba ngapi? Namba hizo ziliwasaidiaje wanakikundi?
3. Taja mambo mawili ya hatari katika kuondoa rangi ya zamani. Utayaepukaje?
4. Kama ungekuwa mwanachama, ungekubali kusimamisha safari kwa wiki 7? Kwa nini?
5. Kabla ya kununua chombo, nyumba au baiskeli ya zamani, mwandikiane nini na muuzaji?

KAZI YA NYUMBANI

Chagua kitu kimoja cha mbao nyumbani kwako, kama mlango au kitanda. Kikwangue kidogo mahali pa siri. Kinuse, kigonge, kichome kwa kisu. Andika katika daftari: ni mti gani, kizima wapi, kibovu wapi, na maji yanaingilia wapi. Leta daftari darasani mkutano ujao.